Ovaroli Isiyovuja

Ukishuka kwenye daraja la miguu pale Kinoo na kuiacha Waiyaki Way ikinguruma nyuma yako, utakuta kibanda cha fundi cherehani chenye mlango wa bluu, na mbele yake benchi la mbao lililopigiliwa misumari kwa ajili ya wateja. Wateja hawajawahi kulikalia. Ni la Lenox, fundi wa mabomba, ambaye mtaa mzima unamwita Presha. Ni la Hezekiah, bawabu wa usiku huko Kitisuru, anayeitwa Geti, ambaye hupitia hapo asubuhi akienda nyumbani kulala na kwa kawaida hafiki. Na ni la Kitavi, muuza kahawa, ambaye kazi yake ni kuzunguka na birika akitafuta wanywaji, lakini aligundua zamani kwamba wanywaji wakikaa pamoja, yeye pia anaweza kukaa. Mwenye kibanda ni Wesonga, mtu wa Busia, miaka hamsini na minne. Wanamwita Sentimeta, kwa sababu anapokusalimia jicho lake huwa limeshafika kiunoni mwako na kurudi na jibu.

Jumamosi hiyo Sentimeta hakumpima mtu. Alitoka ndani na mfuko wa karatasi, akatoa ovaroli ya mtoto mchanga, rangi ya maziwa, imefuliwa na kupigwa pasi, akaitandaza kwenye benchi katikati ya Presha na Geti. Ilikuwa imekatwa kwa makasi kutoka shingoni mpaka pajani.

— Hii imefanyiwa oparesheni, akasema Geti.

— Imerudi hivyo Jumatano, akasema Sentimeta. Sijui ilikosea nini.

Wote waliijua ovaroli hiyo. Walikuwapo ikizaliwa. Joyline, kifungua mimba wa Sentimeta, ni karani wa mapokezi kwenye jumba moja la maofisi Upper Hill, na bado yumo kwenye miezi ya majaribio. Kila asubuhi humbeba binti yake wa miezi minne kutoka Uthiru hadi kwa mama mmoja anayelea watoto, na mara mbili katika wiki moja alikuwa amefika kazini na alama ya manjano begani mwa koti, ya aina isiyohitaji maelezo. Mara ya kwanza wenzake walimpa tishu. Mara ya pili meneja alimwambia kwamba yeye ndiye sura ya ofisi, na akanyamaza ili sentensi hiyo ijimalizie yenyewe. Jioni ile akampigia babake simu. Baba, umeshona maisha yako yote, alimwambia. Nishonee kitu kinachozuia.

Benchi halikujua simu hiyo ilikuwa na uzito gani. Joyline alipokuwa kidato cha pili, Sentimeta alimshonea sketi ya shule ya kukulia, yenye pindo lililokunjwa kiasi kwamba lingeshushwa polepole mpaka kidato cha nne. Wasichana wa bweni wakamwita Pazia. Tangu mwaka huo, miaka kumi na miwili, Joyline hakuwa amemletea babake hata kifungo kishikizwe. Nguo zake hununua mitumba, na akimtembelea babake huketi kwenye kibanda katikati ya majora ya vitambaa akisifu chai.

Kwa hiyo Sentimeta alikuwa ameishona ovaroli hiyo kama mtu anayejenga benki. Alijiambia kwamba adui ni tundu. Vile vifungo vya katikati ya miguu alivikataa kabisa. Kila kifungo, aliwaeleza wenzake, ni tundu linalosubiri nafasi. Ndani akatia kitambaa cha mwavuli ambao vijiti vyake vilikuwa vimevunjika. Mapajani lastiki, safu mbili. Mgongoni akapandisha ukuta wa nailoni mpaka mabegani, maana alikuwa amesikia kwamba hatari kubwa hupandia nyuma. Njia ikabaki moja tu, shingo, nayo akaiwekea kitambaa cha kuvutika na kifungo kimoja kisogoni. Kifuani akatarizi jina la mtoto kwa uzi wa kijani: PERES. Ni jina la mamake Sentimeta mwenyewe, kukhu wa Joyline kama Waluhya wanavyomwita bibi, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa.

Kisha likaja jaribio. Aliyafunga mapaja kwa kamba, akaijaza ovaroli uji wa wimbi, lita moja, akaitundika kwenye msumari wa mlango. Benchi zima likakaa kuitazama kwa saa nzima kama watu wanaotazama mpira. Haikudondosha kitu. Kitavi aliuza vikombe vingi kuliko siku ya uchaguzi.

Ikapelekwa Uthiru Jumatatu kwa pikipiki, na Jumatano ikarudishwa kwa pikipiki. Jioni ukaja ujumbe kwenye simu: Asante baba, iko sawa. Sentimeta aliusoma mara nyingi kiasi kwamba maneno yaliishiwa na maana. Kitu kilicho sawa hakikatwi kwa makasi.

Presha ndiye aliyeanza, maana mambo ya kuvuja ni riziki yake. Akaiinua ovaroli, akaipuliza ndani, akaifinya. Alieleza kwa utulivu wa mtaalamu kwamba mtoto ni mtambo wa maji na gesi. Maji umeyazuia, sawa, lakini gesi je? Ukiziba paipu pande zote, lazima itafute mahali ipasukie. Kilichotakiwa ni valvu ya kupumua hapa kwenye bega, na ikiwezekana koki ndogo huku chini pa mguu, mama afungue akiwa tayari na ndoo.

— Presha, huu ni mkato wa makasi, akasema Sentimeta. Haijapasuka. Angalia ukingo.

Presha akauangalia ukingo na kukubali kwamba gesi hiyo ilikuwa ya kipekee.

Geti alikuwa akisubiri. Miaka tisa ya kukaa langoni usiku akitazama giza la Kitisuru imempa uwezo wa kuona wizi mahali ambapo wengine wanaona ua. Kwa maoni yake ovaroli ilikuwa imeibwa na kurudishwa. Kuna mtu, pengine wa kiwanda, alisikia kwamba Kinoo kuna nguo iliyobeba uji lita moja bila kuvuja. Akamwendea huyo mwenye pikipiki. Wakaifungua nguo ili waone siri yake, wakaipiga picha, wakaifua, wakaipiga pasi kuficha alama za vidole. Ushahidi ni huu hapa, akasema, akaweka kidole katikati ya kifua: mkato ulikuwa ukishuka wima kutoka shingoni, lakini ulipofika kifuani ulipinda ghafla upande wa kushoto, ukazunguka, kisha ukarudi kwenye mstari wake na kushuka hadi pajani. Hapo ndipo mwizi alipatwa na hofu, mkono ukamtetemeka.

— Na ujumbe wa Joyline? Sentimeta akauliza. Pia ni wa mwizi?

— Umesikia sauti yake?

— Ni wa kuandikwa.

— Si ndiyo hiyo sasa, akasema Geti, na kunywa kahawa yake kama mtu aliyefunga kesi.

Kitavi akamimina duru nyingine kabla ya kusema lake, maana hakutaka mtu aondoke katikati. Yeye ni mtu wa Kitui, ambako mvua ni adimu, na kwa mtu wa Kitui kitambaa cha mwavuli si kitu cha kufanyia mchezo. Alisema aliiona hatari tangu siku ya uji lakini akanyamaza kwa heshima. Umemvika mtoto mwavuli, alimwambia Sentimeta, tena ndani ya nyumba, tena mwezi huu ambao sote tunangoja mvua. Zaidi ya hapo, kila mtu anajua kwamba mtoto akimlowesha mtu mzima ni baraka. Je, baraka za Joyline zilikuwa zikienda wapi? Zilikuwa zikijaa humo ndani. Kuna bibi fulani mwenye busara, labda upande wa wakwe, aliyeiona hali hiyo na kuzifungulia.

— Alizifungulia na makasi? Presha akauliza.

— Zilikuwa zimejaa, akasema Kitavi.

Jua lilikuwa limepanda. Wale watatu waliendelea kubishana kama baraka zina presha, na Sentimeta akaacha kuwasikiliza. Aliuvuta mkato karibu na macho. Amesoma mikato maisha yake yote. Makasi ya mtu mwenye hasira huuma vipande vifupi vifupi na kuacha meno kwenye ukingo. Hapo shingoni meno yalikuwapo.  Lakini kwenye ile kona ya kifuani meno yaliisha. Pale mkono ulikuwa umeenda polepole, kwa uangalifu, kama mkono wa mtu anayekata kitambaa cha gauni la harusi. Kisha baada ya kona, meno tena hadi chini. Hakuna mtu anayekasirika, akatulia, kisha akakasirika tena ndani ya sentimeta kumi na tano. Au yupo, na Sentimeta mwenyewe ndiye aliyemlea.

Hapo ndipo alipofika Karanja. Hawakumfahamu. Lori lake la kokoto lilikuwa limesimama kando ya barabara, na yeye alikuwa ameshika suruali kwa nyuma kwa mkono mmoja, kwa namna iliyoeleza shida yote. Sentimeta akampa leso ajifunge, akaichukua suruali, na mwanamume yule mkubwa akaketi ukingoni mwa benchi, amevaa leso yenye maua ya waridi, akapokea kahawa. Kwa adabu tu, maana ilikuwa imelala mbele yake, akaiokota ovaroli. Akaigeuzageuza. Wale watatu wakamweleza kwa zamu jinsi ilivyozuia uji, na lastiki, na ukuta wa mgongoni, na makosa ya kitaalamu ya vifungo vya katikati ya miguu. Karanja alitikisa kichwa kwa heshima kwa kila jambo. Aliingiza mkono shingoni, akautafuta mwisho, akautoa.

— Wazee, akasema, hapa juu naona ni pa kupakia. Sasa kupakua ni wapi?

Presha akaichungulia ovaroli shingoni. Geti akaangalia barabarani. Kitavi akaanza kupangusa birika. Watoto kumi na wanane wamelelewa na watu wa benchi hilo, tukilitumia neno kulelewa kwa ukarimu, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusema, mtoto akishajaa mpaka kisogoni, ile nguo ingemtoka kupitia wapi isipokuwa usoni.

Sentimeta alikuwa ameshika suruali ya watu na sindano. Aliviweka chini. Kwa siku tatu nzima alikuwa ameogopa kumpigia bintiye simu, na sasa alipiga haraka kabla woga haujarudi. Simu yake ni ya zile zinazozungumza kwa sauti upende usipende, kwa hiyo benchi lilisikia kila kitu.

— Joy. Ile nguo. Ilijaa?

 Joyline akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amekishikilia tangu Jumanne.

— Baba, ilijaa mpaka kwa shingo. Tulikuwa kwa mama wa watoto, nimebakisha dakika tano gari iondoke. Nikasema niivute kichwani, nikaona itampitia kwa macho na mdomo. Nikaigeuza. Nikatafuta mlango, baba. Nilitafuta.

— Hakuna mlango, akasema Sentimeta.

— Hakuna. Nikaomba makasi.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa umefurahi sana. Nikasema wewe ni fundi, ukiona tu pale nimekata utaelewa.

Wale watatu wakaangalia viatu vyao. Sentimeta akaupapasa mkato.

— Na koti lako?

— Safi. Hata tone, baba. Nilifika ofisini nikanusa mkono mzima nikidhani najidanganya. Meneja mwenyewe aliniuliza siku hizi namwacha mtoto na nani.

Sentimeta alitaka kusema kitu kuhusu uji lita moja, lakini kidole chake kilikuwa kwenye ile kona ya kifuani, na macho yake yalikuwa yamekifuata. Mkato ulikuwa umeshuka wima mpaka herufi ya kwanza ya kijani. Hapo ukaacha njia, ukazunguka herufi zote tano, chini yake na upande wake, bila kugusa uzi hata mmoja, kisha ukarudi kwenye mstari wake na kuendelea na haraka yake.

— Na hapa kwa jina, akauliza, mbona ulizunguka? Si ulikuwa unachelewa?

— Baba, si hiyo ni jina ya kukhu. Ningepita juu yake aje?

 Kitavi alimwongezea Karanja kahawa ambayo hakuwa ameiomba. Sentimeta alibandika simu kati ya sikio na bega, akailaza ovaroli juu ya goti, akachukua chaki na kuanza kupiga mstari wa mlango kando ya mkato, kutoka shingoni, kuzunguka jina, mpaka pajani.

— Usiharakishe, akasema. Ukishamlaza, unaanza kumvua mkono gani?