Kofia ya Kocha Haugland: Risala ya Wapanda Farasi kwa Mkuu wa Chuo cha Sandstone

Mgeni rasmi, Dkt. Maureen Oakes, Mkuu wa Chuo chetu. Walimu, wazazi, na wafugaji mliokuja na matope ya kwenu kwenye viatu: karibuni zizini. Farasi wamepigwa brashi kuliko sisi.

TULIKOTOKA

Miaka mitatu iliyopita timu hii haikuwa na kocha. Chuo kikamwita Berit Haugland, aliyekuwa amefunza farasi wa wafugaji wa Nebraska kwa miaka thelathini na hajawahi kufundisha mtu. Siku ya kwanza alitusikiliza tukibishana, akasema, "Nyie watoto mna mdomo kuliko farasi. Farasi angalau namtia lijamu."

Mwenzetu Orrin akamjibu, "Jaribu, Kocha. Tunauma."

"Nimeumwa na wakubwa kuliko wewe, mwanangu. Panda."

KOSA LETU

Hatulifichi. Mwaka ule Kocha alifanya alilolijua: aliwafunza farasi. Wakalainika kama siagi. Ukiwaza kushoto, wanakwenda kushoto. Sisi tukavimba vichwa. Lakini mashindano ya vyuo hayana farasi wa kwenu. Unatia mkono kofiani, unatoa jina la farasi wa wenyeji, unampanda papo hapo. Kule Wyoming tuliangukia farasi wakaidi kama milango yenye kutu. Kati ya timu tisa, tukashika mkia.

Njiani kurudi, Kocha alijitwika lawama. "Nimefunza wanyama waliobaki nyumbani," alisema. "Kosa ni langu. Kesho naanza na nyinyi."

TULIPOFIKA

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kofia yake inazunguka zizini ikiwa na majina ya farasi wetu na wa kuazima kwa majirani. "Msikilize kwanza, ndipo umwamrishe," hutuambia. Msimu huu tumekuwa wa pili katika kanda. Orrin, aliyekuwa akianguka hata farasi akiwa amesimama, anakwenda mashindano ya taifa.

KINACHOTUUMA

Mkataba wa Kocha unakwisha Mei. Tumeambiwa nafasi ya kudumu inadai shahada, naye hana. Ranchi moja inamtaka Juni, arudi kwa farasi. Tulipomuuliza, alicheka: "Farasi hawaombi vyeti." Kisha akaingia chumba cha matandiko, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu sana kwa mtu aliyeingia bila sindano wala uzi.

OMBI

Matandiko yaliyochanika tutashona wenyewe. Paa linalovuja tumelizoea. Ombi letu ni moja: Bodi ya Chuo inakaa Ijumaa, na sheria inakuruhusu kupeleka jina la mtu kwa sifa za kazi yake, hata kama hana shahada. Tupelekee la Kocha. Mwalimu aliyekiri kosa mbele ya wanafunzi, kisha akajifunza kazi upya akiwa na miaka hamsini na sita, hatujui ni shahada gani ingemwongezea kitu.

Leo tumemtuma Kocha mjini kuchukua majani makavu, asije akatuzuia. Kofia yake tumeiiba. Hii hapa mbele yako, na ndani mna karatasi ishirini na mbili, kila mpanda farasi ameandika yake. Tia mkono, mgeni rasmi, utoe yoyote uipendayo. Safari hii hakuna jina la farasi, na jina ni moja tu.

Mungu akufikishe Ijumaa ukiwa na karatasi hiyo mfukoni.

Ni sisi,
Wapanda Farasi wa Chuo cha Sandstone.
Imesomwa na Tess Ybarra, nahodha.