Samaki wa Chungu cha Watoto

Mheshimiwa Mfumu, chifu wetu, pamoja na wazee wa baraza. Bwana Mkuu wa Wilaya, uliyetoka Kawambwa kwa barabara ile ya mashimo. Padri na masista wa misheni. Wenye nyavu na wenye mitumbwi. Wanunuzi wetu wa ng'ambo, Katanga. Na ninyi mama zangu na dada zangu wa vichanja, mnaokaa mwisho kwenye salamu na mwanzo kwenye kazi: mwapoleni mukwai!

Naitwa Olipa Mubanga. Wengi hapa hunitambua kwa harufu ya moshi kabla hawajaniona. Akina mama wanaokausha samaki hapa Nchelenge wamenituma niseme kwa niaba yao siku hii ya kufungua nyumba ya watoto. Nitasema Kiswahili, si kwa kuringa, bali kwa sababu wanunuzi wa Katanga wako hapa, na wao ndio wanaokula samaki wetu wazuri. Wasikie nao.

Baraza limejenga nyumba hii kwa ushuru wa samaki, ili watoto wetu wakae humo tukiwa kazini, wasishinde motoni na majini. Tunashukuru kwa moyo wote. Kuta zimenyooka, bati linang'aa. Lakini mtoto hali bati. Katika chungu kilichomo ndani kutapikwa nini? Baraza limeomba kila mtumbwi utoe samaki kila ukirudi, na wenye mitumbwi wamejibu, "Tutafikiri." Mmefikiri tangu kiangazi cha mwaka jana, wazee wangu. Mtu akifikiri muda mrefu hivyo amekwisha kukataa, ila anaona haya kusema.

Haya ya nini? Niacheni niseme, maana nimeichoka.

Mnamjua Felistus, mke wa Mwansa, ambaye kichanja chake kilipakana na changu. Mtoto wao Chabu alipoachishwa kunyonya alivimba miguu, kisha uso. Nywele zikawa nyekundu, na hakutaka kucheza na mtu. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Chabu hakulia, nami niliogopa sana.

Ukoo ukakutana. Mzee Kapembwa, baba mkubwa wa Mwansa, mwenye mitumbwi mingi kuliko sote, akauliza lile swali letu: "Nani alitia chumvi?"

Bwana Mkuu wa Wilaya, nikueleze. Kwetu chumvi ya mboga haichezewi. Kukiwa na uzinzi nyumbani, au mwanamke akiwa katika siku zake, mkono wake ukitia chumvi anayekula ataugua. Kwa hiyo tunamwita mtoto mdogo atie yeye, kwa kuwa mkono wake ni safi. Felistus alisema kweli: siku moja alikuwa peke yake, akatia mwenyewe. Basi, wakamhesabu mzinzi, kesi ikaisha hapo hapo. "Huyu mwanamuke ameua mutoto," akasema mzee, na mtoto angali hai! Felistus akarudishwa kwao Mofwe, Chabu mgongoni.

Kutoka huko alimpeleka mtoto misheni, na sista hakuuliza habari ya chumvi. Aliuliza, "Mutoto anakula nini?"

"Bukari na muchuzi," akajibu Felistus. Ugali na mchuzi, basi.

"Na samaki?"

"Samaki ni ya baba."

Nani hapa atasema alidanganya? Samaki wakubwa, wale makobo, wanapanda lori kwenda Katanga. Wanaobaki tunawapeleka insaka, kwenye kibanda wanakokula wanaume. Na yule mtoto tuliyemwita atie chumvi, chungu kikiiva tunampa mchuzi, tena tunamwonya asijiunguze. Sisemi desturi ya chumvi itupwe. Nauliza tu: kama mkono wa mtoto unafaa chunguni, mdomo wake umekosa nini?

Sista alimlisha Chabu samaki, maharagwe na karanga, uvimbe ukashuka. Yule pale, anavuta mkia wa mbwa wa karani. Mwacheni, avute. Lakini mama yake hadi leo analala kwa kaka yake Mofwe, na hapa amekuja kama mgeni. Kwa nini harudishwi? Kwa sababu kumrudisha ni kukiri kwamba mtoto wa ukoo wenye mitumbwi alikosa samaki. Hiyo ndiyo haya yenu. Mtu wa ziwa hili la Mweru aambiwe mwanawe ana njaa ya samaki? Afadhali mkewe aitwe mzinzi! Inaniuma, ndugu zangu, wala sifichi.

Serikali inaweza kujenga, na baraza linaweza kutoza ushuru, lakini hakuna sheria itakayofika mpaka kwenye sahani. Tukinyima chungu hiki, nyumba hii itakuwa ghala la nyavu kabla ya mvua, na mwingine atavimba, na tutamtafuta mwanamke mwingine wa kumfukuza.

Lori la wanunuzi liko pale linanguruma. Kapu la watoto liko hapa mbele yangu, tupu. Mzee Kapembwa, wewe ulisimamia maziko ya mume wangu, nami nakuheshimu. Nakuomba uwe wa kwanza.

Umesimama. Nyamazeni, mzee asikike.

Mmemsikia, ninyi wa nyuma? Anasema, "Samaki nitatoa. Nitapatia Felistus, arudi." Hapana, baba, umeanza vizuri, usiharibu. Samaki ni wa watoto wote. Felistus hadai samaki, anadai neno. Sema mbele ya watu hawa kwamba hakumdhuru mtoto wake.

Asante, baba, umelisema. Hata dereva wa lori amelisikia.

Mwansa, mwanangu, unanitazama mimi kwa nini? Mkeo yuko kule mlangoni. Nenda ukampokee mzigo. Wenye mitumbwi, lori litangoja. Anzeni na kapu hili. Mheshimiwa Mfumu, na ninyi nyote mlionivumilia, nawashukuru kwa kunisikiliza.