Gesi Iliyofungua Mapafu ya Mjukuu Wangu

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba akafa kule Karagwe tulikokuwa wakimbizi, na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Taabu ilianzia hapo. Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yule aliyenivusha. Kuchomelea vyuma nilijifunza kwa kumtazama fundi mpaka macho yakavimba. Leo mageti mengi mnayopita huku mtaani kwetu Gatsata ni kazi ya mkono wangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nalisema wazi, maana hapo ndipo wivu wangu ulipoota.

Wivu juu ya nani? Juu ya bamwana wangu Anselimi, baba wa mke wa mwanangu Emanueli. Yeye amesoma. Kazi yake ni ofisini Kacyiru, viatu vyake havijui vumbi. Kifaransa anacho, Kiingereza anacho. Siku ya harusi mimi nilitoa ng'ombe, yeye akatoa hotuba, na watu walirudi makwao wakiisifu hotuba.

Basi mjukuu akazaliwa hospitalini, wa kiume. Hakulia vizuri, na midomo yake ilikuwa ya buluu. Wakamtia kwenye mashine ya kupumulia, wakampa oksijeni mpaka mwisho wa kipimo, bado haikufika ya kutosha kwenye damu. Daktari akatuita koridoni, sisi wazee wawili pamoja na Emanueli. Ndugu zangu, kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na baba wa baba ndiye anayeambiwa kwanza. Daktari akamwangalia Anselimi. Wakaanza Kiingereza chao.

Nikasema, "Daktari, mwenye mtoto ni mimi."

"Unisamehe, muzehe."

Akaanza upya kwa Kiswahili. Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu, mishipa ya damu ya mapafu inakuwa imebana. Akizaliwa, inafunguka. Ya huyu ilikataa kufunguka. Ila kuna gesi inaitwa nitriki oksaidi. Inapitishwa kwenye mashine ya kupumulia, inaingia mapafuni na kuilegeza mishipa ile. Wanaunganisha mtungi wake, kisha wanaanza.

Mimi ukinitajia mtungi wa gesi, umenifikisha nyumbani. Nikateremka Gatsata na pikapu yangu, nikarudi na mtungi wa oksijeni wa karakana, mkubwa, umejaa. Nilitaka Anselimi aone nani anaokoa mtoto. Mlinzi akanizuia getini mpaka daktari akaja mwenyewe.

"Muzehe, huu ni wa kuchomelea vyuma."

"Gesi ni gesi."

"Hapana. Oksijeni tunayo, mapafu yake ndiyo hayaipokei. Ile nitriki oksaidi hata kwenye moshi wa kazi yako imo, na ikizidi ni sumu. Sisi tunampa kidogo sana, na tunaipima muda wote."

Anselimi alikuwa nyuma yake. Akasema, "Bamwana, acha chuma chako garini, uje tukae."

Alisema kwa upole. Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Halafu muuguzi akasema gesi imeanza, na mzee mmoja anaweza kunawa mikono akaingia. Nikasimama. Emanueli akanishika bega. "Baba, aingie mzee Anselimi. Ataelewa wanachosema."

Mwanangu wa kumzaa.

Nikabaki kwenye benchi, nikaomba. Sitawaficha nilivyoomba. Nilisema, "Bwana, mponye mtoto, lakini ngoja kwanza Anselimi atoke na rozari yake, wasije wakasema ni yeye." Maana bamwana ni Mkatoliki. Kisha nikayasikia maneno yangu. Mtoto hana pumzi, na mimi nampangia Mungu zamu! Nikaanza tena: "Mponye sasa hivi. Sifa mpe Anselimi. Mimi nipe mtoto."

Anselimi akatoka. Shati limelowa machozi. Mwenye lugha zote zile akaninyooshea mikono tu. Nikajua mtoto ametutoka. Nikamkumbatia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku ya harusi. Ndipo akaninong'oneza sikioni, "Ni mzima, bamwana. Midomo imekuwa myekundu."

Gesi hawakuiondoa mara moja. Waliipunguza polepole, kwa sababu ukiikata ghafla mishipa inaweza kubana tena. Siku hizo zote tulikaa benchi moja, mimi na Biblia, yeye na rozari, kila mmoja akimchungulia mwenzake kama ameomba vya kutosha.

Wewe unayesoma haya ukiwa nje ya mlango usioruhusiwa kuingia, mtumaini Mungu. Waache madaktari wafanye kazi yao. Na usimchagulie Mungu mkono wa kutumia, hata kama mkono wenyewe ni wa mtu usiyempenda. Namshukuru Yeye aliyenisikia mara ya pili na kuipuuza ile ya kwanza.

Leo nina karakana Gatsata, mashine nne za kuchomelea, pikapu, nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe watatu na mke mmoja. Nina pia nusu ya mjukuu, anayepumua mwenyewe na kunivuta ndevu. Nusu nyingine ni ya Anselimi, na Jumapili iliyopita mtoto alitambaa kwake kwanza. Niombeeni.