Bibi Simu Hakukata Kabla ya Kujua Anaongea na Nani

Marehemu alifariki Jumapili, saa kumi na moja na robo alfajiri, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha, akiwa na binti yake, ndiye anayewasomea haya kwa niaba ya familia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita, akasoma mpaka darasa la saba, akataka kuendelea, baba yake akasema karo ni ya wavulana.

Mwaka 1972 aliajiriwa hospitali ya mkoa kuwa mpokea simu, akakaa kwenye kiti hicho mpaka alipostaafu mwaka 2006, na waliofanya naye kazi, ambao tunawaona hapa, wanakumbuka kwamba hakuwahi kukata simu kabla ya kuuliza, "Naongea na nani, na utafanya nini?"

Alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1974 na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyemtangulia mwaka 1998, wakajaliwa watoto wawili, binti huyu na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, aliyejenga ndani ya ua wa mama yake, na ambaye leo amekaa mstari wa mbele.

Mwanawe huyo alipata mabinti wawili, mama yao akaondoka mdogo akiwa hajaacha kunyonya, na tangu hapo mkubwa, aliyekuwa na miaka tisa, alivaa mikono mirefu hata wakati wa joto, mpaka bibi yake alipomwogesha siku moja akaona kilichofichwa na mikono ile.

Februari 2019 marehemu alipiga simu ustawi wa jamii, akauliza anaongea na nani, akatajiwa jina, na afisa akaja kweli, ila kwa utaratibu wao alimpigia kwanza baba na kumwambia anakuja lini, hivyo alikuta sebule imepigwa deki, soda mezani na mtoto amepakwa mafuta, akamuuliza mbele ya baba yake, "Baba anakupiga?" Mtoto akasema hapana, akamtazama baba kuona kama amejibu vizuri, na ofisi ikaandika kwamba hayo ni malezi makali.

Jioni ile mwana alisimama mlangoni kwa mama yake akasema, "Kweli kikulacho ki nguoni mwako, Mama, umenichongea hata kwa serikali?" Ukoo ukamwita Bibi Simu, na kwenye harusi na misiba watu walitaniana mbele yake, "Usikohoe, utapigiwa simu."

Oktoba alipiga tena, afisa mwingine akaenda shuleni bila taarifa, akamkuta mtoto na mkono uliovunjika ukaunga wenyewe, ukiwa umepinda, akampeleka makao ya watoto siku hiyohiyo. Marehemu aliomba amlee yeye, akakataliwa kwa kuwa mlango wake na wa baba inatazamana, na alipouliza kuhusu mdogo, aliambiwa taarifa yake ilihusu mtoto mmoja.

Aliendelea kupiga kwa ajili ya huyo mdogo mpaka Juni 2023, kiharusi kilipomwondolea kauli, na mwanawe akawaambia wageni sebuleni, "Afadhali, laini imekatika." Binti yake alimkuta mara nyingi ameshika simu, upande wa pili wakisema haloo, haloo, wanakata.

Mjukuu wake mkubwa, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, hayupo hapa, kwa sababu mahakama imemkataza kukaa mahali alipo baba yake, na baba ana haki ya kumzika mama yake. Aliletwa chumba cha maiti jana, akamshika bibi yake miguu, akauliza, "Shangazi, na mdogo wangu sasa atapigiwa na nani?"

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomgeuza marehemu kitandani bila kuchoka, na wenzake wa chumba cha simu. Kwa namna ya pekee inamshukuru jirani wa ukuta mmoja, ambaye leo saa tatu, baada ya sote kuambiwa kwamba mjukuu mdogo ana mafua na amebaki na dada wa kazi, alikuja kumnong'oneza binti wa marehemu kwamba dada wa kazi aliondoka wiki iliyopita, mlango una kufuli kwa nje, na ndani kuna mtoto analia.

Binti alipiga namba ileile ya ustawi wa jamii aliyokuwa akipiga mama yake, akauliza anaongea na nani, na huyo atafanya nini, akaomba baba asipigiwe kwanza, akajibiwa kwamba hatapigiwa.

Mama, zamu yako imeisha, pumzika. Saa nne na nusu kufuli limekatwa, mtoto ametolewa, na afisa yupo naye ndani ya gari, nje ya geti hili.