Historia ya Fundi Cheche na Dirisha Aliloliziba

Ndugu waombolezaji, wifi yangu, watoto wetu, majirani, mafundi wa mtaa wetu, na wewe mheshimiwa mgombea uliyefika na msafara wako bila kualikwa, mimi ni mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na familia imenipa kazi ya kuisoma historia hii kwa sababu kaka zangu husema nina mdomo, na leo mdomo wenyewe mtausikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya mabati nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu aliyekuwa fundi wa mabehewa, na mama yetu mshonaji, ambaye yuko hai ila leo hakuweza kufika hapa, nitaeleza sababu. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza mwaka 1984, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alihitimu kazi ya kuchomelea vyuma mwezi Novemba 1988. Huko ndiko alikopewa jina la Cheche, kwa kuwa hakuna shati lililomaliza mwezi mwilini mwake bila kutobolewa na moto, mpaka mama akachoka kununua, akawa anamshonea viraka vya ngozi kifuani, naye akatembea navyo mjini kwa maringo kama vile ndiyo mtindo mpya.

Mwaka 1993 alifungua karakana katika ghala la zamani la magunia, na mwaka uliofuata akafika hapo mwanamume wa rika lake, fundi kamili, aliyevuka mpaka na mama yake wakikimbia vita, akiwa amebeba mashine ya kukatia chuma na nguo alizovaa. Kaka alimpa kipande cha chuma achomelee, akakigeuza huku na huku akitafuta kosa, akalikosa, akamwambia avue koti waanze kazi. Siku hiyohiyo nilipeleka chakula cha mchana, yule bwana akatangaza mbele ya watu kwamba mimi nitakuwa mke wake, nami nilikuwa nimeshaolewa na tumbo la miezi saba liko mbele yangu, kaka akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo yule bwana akawa Shemeji kwa karakana nzima, kwa mtaa mzima, na hata kwa mume wangu.

Marehemu alifunga ndoa na wifi yangu tarehe 6 Juni 1998, Shemeji akiwa msimamizi wake, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni fundi umeme, na wa mwisho bado yuko masomoni. Karakana ilikua, wakawa watu wa kutengeneza milango, mageti na grili za madirisha, na walikuwa na sheria yao moja ambayo mafundi wenzao mnaijua, kwamba hawafungi grili katika nyumba yoyote bila kuacha dirisha moja lenye bawaba na kufuli kwa ndani, ili watu wapate pa kutokea moto ukiwaka. Mteja akigoma, nao walikuwa wanakunja futi yao na kuondoka.

Sasa nafika mahali ambapo historia za marehemu huwa zinaparuka, mimi siparuki. Kuanzia mwaka juzi, gari la matangazo la mheshimiwa lilianza kupita mitaani kwetu, likituambia kwamba wageni, yaani hao waliovuka mpaka kama Shemeji, wanazipima nyumba zetu kwa macho, kwamba wameshagawana nani atalala chumba cha nani, kwamba wanatusubiri tulale. Simu nazo zikajaa picha za wanaume wenye mapanga, ambao hakuna aliyejua walipigwa picha nchi gani wala mwaka gani. Mwanzoni kaka alicheka, akawa anamtania Shemeji achague mapema chumba anachokitaka. Baadaye akaacha kucheka. Kisha zile picha zikaanza kuja kwenye simu yangu, nikiangalia aliyenitumia, ni yeye.

Mjue pia kwamba hofu ile ilimletea kazi tele, kila mtu alitaka grili, na kaka akawa anaingia nyumba moja baada ya nyingine kupima madirisha, na kila nyumba ilimsimulia vitisho vyake wakati ameshika futi, anatoka hapo anaingia nyumba inayofuata na kukuta vitisho vingine. Kaka yangu hakuwa mtu wa chuki, nakataa, alikuwa mtu aliyetiwa hofu kidogo kidogo kama mtoto anayenyweshwa dawa kwa kijiko, na aliyeshika kijiko ameketi hapa mbele yenu na miwani yake myeusi. Mwezi Januari mwaka huu kaka alimwomba Shemeji apumzike nyumbani mpaka uchaguzi upite, hakumtukana, alimwambia macho yakiwa sakafuni, na Shemeji akaweka funguo za karakana mezani, akachukua mashine yake, akaenda. Mwezi Aprili kaka alirudi nyumbani na vifaa vyake, akaliziba kwa kuchomelea lile dirisha la bawaba la chumba cha mbele, wifi akipiga kelele na yeye akiendelea.

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, mchana, gari la matangazo lilipita tena likisema leo ndiyo leo, wageni wanakuja, jifungieni. Wifi alikuwa sokoni, kaka akajifungia, akautia mlango wa chuma kufuli kwa ndani, funguo mfukoni, na hapo ndipo presha ilipopanda na kiharusi kikamwangusha. Wifi aliporudi alichungulia dirishani, akamwona amelala sakafuni, mkono mmoja unacheza. Majirani walikuja na nyundo na vyuma, wakapiga mpaka wakalowa jasho, lakini kazi ya kaka yangu haivunjiki, nanyi mliolala salama nyuma ya grili zake mnajua.

Wifi alimpigia Shemeji, naye akaja mbio na mashine yake, akaomba umeme nyumba ya jirani. Jirani huyo alimwangalia, akafunga mlango, eti hampi mgeni umeme. Jirani, nakuona, sitakutaja. Ikabidi waya uvutwe kutoka kwa kinyozi wa kona ya pili, ukaunganishwa na waya mwingine, na muda wote huo kaka yuko chini. Mashine ilipoanza kunguruma, kaka aligeuza shingo, akamwona nani amesimama dirishani, na kwa ule mkono mmoja akaanza kujiburuta kurudi nyuma ya kochi. Alikuwa anamkimbia mtu aliyekula naye miaka thelathini. Shemeji akazima mashine, akasema, "Kaka, ni mimi shemeji yako. Funika macho, cheche zinakuja." Kaka akatulia, akafunika macho.

Alifikishwa hospitali, na daktari alitueleza wazi kwamba angewahi angeweza kupona. Alifariki Jumanne ya tarehe 12 Agosti, alfajiri, baada ya kumwomba wifi, kwa maneno yaliyovunjikavunjika, amrudishie Shemeji funguo zake. Wakati sisi tuko wodini, mtu mmoja alikuwa ameshampiga picha Shemeji akikata dirisha, akaisambaza na maneno kwamba wageni wamevunja nyumba ya fundi na kumuua, na mheshimiwa akaisoma jukwaani kama habari ya kweli, tena akalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru mafundi wenzake na majirani waliopiga nyundo, inamshukuru kinyozi aliyetoa umeme bila kuuliza ni wa nani. Inamshukuru Shemeji. Nyinyi vijana mlio kule nyuma, najua mmepanga kutoka makaburini muende nyumbani kwake kulipiza kisasi, marehemu hajawatuma, na nyumba hiyo mtaikuta tupu. Mama yake Shemeji yuko kwangu tangu jana, chumba kimoja na mama yetu, ambaye amekataa kuja kumzika mwanawe kwa kuogopa kumwacha mwenzake peke yake. Anayetaka kumchoma huyo, atamchoma pamoja na mama yake Cheche.

Jambo la mwisho, viti hivi vya mbele ni vya wafiwa, na hicho cha kando ya wifi, alichokalia mheshimiwa, tulikiweka kwa ajili ya Shemeji, mshirika wa marehemu. Mume wangu amekwenda kumchukua, atabeba jeneza upande wa kichwa, na halitanyanyuliwa kabla hajafika. Mheshimiwa, tunaomba hicho kiti. Nawe kaka yangu, lala kwa amani, utusamehe tukikuchelewesha kidogo, tunamsubiri Shemeji.