Jiwe la Mashoto

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi. Ukikaa mwisho wa kulia, kuna msumari unaoshika suruali. Wenyeji wanaujua, wageni hupewa nafasi hiyo kwa ukarimu mkubwa. Ikifika saa nne asubuhi Mama Birika huwa ameshashusha jiko lake la mkaa na kahawa inanukia, na wasio na haraka wameshakaa. Yupo Soli, mwenye kibanda, ambaye hushona akisikiliza na huacha kushona akianza kusema, ndiyo maana viatu vya watu havimaliziki. Yupo Wakili, anayedeki sakafu za mahakama tangu alfajiri, na ambaye sheria anaijua yote, maana anaifagia kila siku. Na yupo Afande, mlinzi mstaafu wa ghala, aliyelinda miaka ishirini asikamate hata paka. Siku hiyo aliwajia Makali, mnoa visu, akiikokota baiskeli yake badala ya kuipanda, uso umemwiva kwa hasira.

— Siirudishi! alisema. — Nawaambia mapema, siirudishi, na asinishauri mtu.

— Salamu kwanza, baba, alisema Mama Birika.

— Hamjambo. Siirudishi.

— Hatujambo. Hurudishi nini?

Makali aliisimamisha baiskeli kwa standi yake ya miguu miwili. Haikuwa baiskeli ya kwendea matembezini. Juu ya bomba lake la kati palifungwa jiwe la kunolea, la mviringo, na mkanda wa mpira ulitoka gurudumu la nyuma mpaka kwenye jiwe hilo. Mnoaji akishaisimamisha hukaa kwenye kiti chake, akakanyaga pedeli kama anayekwenda safari, na safari yote inaishia kwenye ncha ya kisu cha mtu.

— Hii, alisema. — Nimetoka buchani sasa hivi. Nimemnolea muuza nyama visu vinne. Akakichukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Akaniambia, "Makali, wewe unatumia mkono gani?" Nikamwambia wa kulia, kama watu. Akasema, "Kisu hiki kimenolewa na jiwe la mtu wa mashoto. Jiwe limelika upande. Visu vyangu vilikuwa hivihivi miaka tisa, na aliyekuwa akininolea tulimwita Mashoto. Na Mashoto kaibiwa baiskeli."

Soli aliacha kushona.

— Kisu kimesema yote hayo?

— Kisu! Usiniulize mimi, kamuulize yeye! Mbele ya wateja wake, watu wamepanga foleni, mmoja akaushika mkoba wake hivi. Mimi! Mimi nionekane mwizi mbele ya maini na utumbo!

Mama Birika akammiminia kikombe bila kuombwa. Makali alikinywa chote kikiwa moto vilevile, akaungua, akazidi kukasirika.

Maana hawa watu wa benchi walikuwa hawajui kitu kimoja, na yeye alikuwa anakijua. Kabla ya baiskeli hii alikuwa mbeba magunia, na mgongo ukamwambia basi. Mkewe alikuwa na cherehani ya miguu, ya urithi kutoka kwa shangazi yake, ndiyo iliyosomesha watoto wawili mpaka darasa la saba. Ni mkewe mwenyewe aliyesema, "Tuiuze, baba fulani. Mimi macho yananisumbua, wewe una mikono." Waliiuza cherehani Ijumaa, na Jumamosi akanunua baiskeli kwenye gulio la mitumba, mchana, jua limesimama utosini, kwa kijana mcheshi aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lote lile. Mcheshi kweli. Mpaka leo Makali akikumbuka walivyoivutana bei, hucheka.

— Basi tulia, alisema Wakili, akakunja mguu juu ya mguu kama mtu anayefungua kikao. — Ulinunua mchana?

— Mchana.

— Mbele za watu?

— Gulio zima.

— Basi umeshinda. Kisheria, kitu kilichonunuliwa mchana ni tofauti kabisa na kitu kilichonunuliwa usiku. Mchana kuna mwanga. Mwanga ni ushahidi. Nimelisikia hilo mimi mwenyewe, nilikuwa nadeki chini ya meza ya hakimu.

— Hakimu alisema hivyo?

— Alisema "mwanga". Yaliyobaki ndoo ilipiga kelele.

— Wewe Wakili utamfungisha mwenzio, alisema Soli. — Sikiliza, Makali. Dawa ni rangi. Nina rangi ya viatu hapa, nyeusi na ya kahawia. Tunaipaka yote, kesho hata mama yake Mashoto haitambui.

— Rangi ya viatu! alisema Afande. — Mvua moja tu, anatembea na miguu myeusi, mtaa mzima unamfuata nyayo.

— Sipaki rangi, alisema Makali. — Anayepaka rangi ni mwizi. Mimi nimenunua.

Jibu hilo liliwapendeza wote kwa dakika nzima. Wakili alitikisa kichwa. Afande alisema, "Hapo umesema kiume." Makali mwenyewe alijisikia amenyooka mgongo.

— Haya, kama hupaki, ifungue, alisema Afande. — Kwani baiskeli ni kitu kimoja? Ni vitu. Gurudumu mpe Soli, usukani mpe shemeji yako, mnyororo ufiche darini. Mashoto akija anauliza, "Baiskeli yangu iko wapi?" Unamjibu, "Baiskeli ipi? Unaiona baiskeli hapa?" Na huongopi, kwa sababu haipo.

— Na mimi nitanolea nini, Afande? Meno?

— Utanunua nyingine.

— Kwa cherehani ipi? Ya mke wangu ndiyo niliyoiuza nikanunua hii.

Afande hakuwa na cherehani. Akageukia kahawa.

— Kuna njia safi kuliko zote, alisema Wakili, ambaye kunyamaza kulikuwa kumemchosha. — Mshitaki Mashoto.

— Nimshitaki mimi?

— Kwa uzembe! Aliiacha wapi baiskeli mpaka ikaibiwa? Angeifunga, isingeibiwa. Isingeibiwa, usingeuziwa. Usingeuziwa, cherehani ingekuwa nyumbani, na muuza nyama asingekutukana mbele ya utumbo. Nani kaanza? Mashoto kaanza! Na akulipe fidia ya aibu.

Soli alipiga goti kwa nyundo, akajiumiza, akasema hajasikia hoja nzuri namna hiyo tangu azaliwe. Naye hakutaka kubaki nyuma. Alishauri Makali aende kituoni akaripoti kwamba na yeye kaibiwa baiskeli, ya namna hiyohiyo, yenye jiwe hivihivi, ili polisi watafute mbili, na wakiipata moja wasijue ni ya nani, wachoke, waiache. Afande akasema hapana, hilo la kitoto. La maana ni kuiegesha gulioni bila kufuli, kijana wa kofia aiibe tena, mambo yarudi kama yalivyokuwa.

— Na cherehani? aliuliza Makali.

— Wewe na cherehani yako! alisema Afande. — Tunazungumza mambo makubwa hapa.

Mama Birika alikuwa akipuliza mkaa. Bila kuinua kichwa alisema:

— Mimi naomba kuuliza. Hilo jiwe, lilikuja pamoja na baiskeli?

— Lilikuja nayo.

— Nauliza tu. Mimi nikiuza jiko langu, birika siliachi. Mkono wangu umeshalizoea.

Makali alihisi joto la kahawa likimpanda upya mpaka masikioni. Ndilo hilo. Ndilo alilokuwa hajamwambia mtu, hata mkewe. Siku ile gulioni alimuuliza yule kijana, "Mbona jiwe unaniachia?" na kijana akacheka, "Zawadi, mzee wangu." Makali akafurahi kwa zawadi. Hakuwa anajua kazi, angejuaje? Wiki mbili baadaye mnoaji mmoja mkongwe aliyekutana naye njiani alitazama lile jiwe akamwambia, kama utani, kwamba mnoaji akiuza baiskeli hufungua jiwe lake akaondoka nalo kwapani, hata awe na njaa ya siku tatu; jiwe linalika kwa kuufuata mkono wake, na mpaka limkubali mwingine ni mwaka mzima. Makali alicheka naye. Usiku ule hakulala. Asubuhi akaipanda, akaenda kazini, na tangu hapo kila akinoa alikuwa anapindisha kiwiko ili kisu kilifuate lile bonde la mkono wa mtu mwingine.

— Liliniuma, alisema ghafla. — Sawa, Mama Birika, umefurahi? Tangu wiki ya pili lilikuwa linaniuma. Lakini nifanye nini? Nirudi nyumbani nikamwambie mke wangu cherehani ya shangazi yake nimempa mwizi? Eti, "Mama, ile cherehani imekwenda bure, na baiskeli nayo nimempa mtu nisiyemjua, sasa tukae tutazamane"? Kosa langu liko wapi? Nionyesheni! Nimeiba mimi? Nimevunja mlango wa mtu? Huyo Mashoto kapoteza kimoja, mimi mnataka nipoteze viwili! Hapana. Mwenye baiskeli hii ni mimi. Aje polisi, aje muuza nyama na visu vyake vyote, nitawaambia hivyohivyo!

— Sawasawa! alisema Wakili.

— Usiogope mtu! alisema Soli.

— Hapo ndipo nakupendea, alisema Afande, na akasimama kabisa, kofia mkononi, ingawa hakuna aliyejua anasimama kwa sababu gani.

Ni katika kelele hizo ndipo mama mmoja alivuka barabara. Mtu mzima, kanga mabegani, ndala miguuni zimelika visigino, na mkononi kitambaa kilichofungwa kitu kizito. Hakuwa mtu wa pale. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli, akaigusa kiti kama mtu anayemgusa bega jirani, akatabasamu.

— Habari za hapa, wanangu.

— Nzuri, mama. Karibu.

— Afadhali. Nimeiona kutoka kule ng'ambo nikasema, jamani, kumbe bado anafanya kazi, amehamia huku tu! Alifungua kitambaa: visu vitatu vya jikoni na mkasi mmoja, vyote butu hata kwa kutazama. — Hajapita kwetu siku nyingi. Wamekuja wengine, sikuwapa. Nikasema nitamngoja. Aliwatazama mmoja mmoja, kutoka Afande aliyesimama mpaka Mama Birika aliyeinama. — Mwenyewe yuko wapi?

Wakili aliukunjua mguu wake.

Soli alichukua kiatu, akatafuta sindano, nayo ilikuwa mkononi mwake. Afande alikaa, na kwa haraka yake akakaa upande wa kulia, kwenye msumari. Mama wa watu alisubiri, tabasamu bado liko usoni, visu vimelala viganjani. Kila mmoja pale alikuwa na jibu dakika moja iliyopita. Makali, aliyekuwa akipiga kelele saa nzima kwamba mwenyewe ni yeye, alitaka kulisema tena. Alilitafuta neno lile, "mimi", na mkono wake ukaangukia kwenye jiwe, kwenye lile bonde la mkono wa mtu mwingine.

— Kwani kaenda mbali? aliuliza mama.

— Mama, alisema Makali, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. — Unapajua kwake?

— Kwa Mashoto? Napajua, mwanangu. Nyuma ya shule, nyumba ya pili, kuna kinu mlangoni. Kwani wewe si mwenzake?

— Bado.

Akaipiga teke standi ikapanda. Kikombe alikirudisha kwa Mama Birika, akaushika usukani kwa mikono miwili.

— Makali, usiwe mjinga, alisema Wakili kwa sauti ya chini. — Utamwambia nini?

— Nitamwambia nimeinunua. Usoni, nimwambie, na asithubutu kuniita mwizi. Nitamwambia kuna cherehani ya mke wangu humu. Halafu nitamwambia jambo ambalo muuza nyama halijui wala polisi hawalijui. Yeye hajamwona aliyemwibia. Mimi nimemwona! Nimeshikana naye mkono, nimecheka naye, meno yake nayajua. Jumamosi tutaingia wote wawili gulioni, na kofia ile ya sufu tutaivua tuone kama bado ni mcheshi.

— Na Mashoto akiitaka baiskeli yake?

Makali aligeuka. Alikuwa amekasirika zaidi ya alivyokuja, na mshipa wa shingo umemsimama.

— Ataichukua! Si yake?

Wakaondoka, yeye akiikokota, yule mama nyuma yake na visu vyake, akimuelekeza njia.