Jozi Zisizokubaliana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, madaktari, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliosimama nyuma kwa kuwa viti vya mbele vimekaliwa na mikoba:

Nimeombwa nimuage mkuu wa kitengo cha takwimu. Ratiba inasema nimwage. Mimi ni mhariri wa ripoti za taasisi hii; sitamwaga mtu.

Tunamwita Mama Jozi. Mnakumbuka utafiti wa figo? Kila mgonjwa alitafutiwa mwenzake mzima, wa umri uleule, jinsia ileile na mtaa uleule. Tulitaka kujua kama homa ya matumbo huharibu figo, hivyo tukauliza nani aliwahi kuiugua. Jozi ambayo wote wawili waliugua haitusaidii, wala ile ambayo hakuna aliyeugua. Yenye habari ni jozi isiyokubaliana: mmoja ndiyo, mwingine hapana. Hizo ndizo tunazozihesabu, tuone zimeelemea upande gani.

Karibu zote zilielemea upande wa mgonjwa. Bodi ikawa tayari kuamua kwamba aliyewahi kuugua homa hiyo asitoe figo. Wakati huo fundi viatu mmoja alikuwa amejitolea kumpa dada yake figo. Aliugua homa ya matumbo utotoni. Akaambiwa asubiri uamuzi. Je, dada yake naye angesubiri kwa figo zipi?

Mama Jozi akasema kikaoni, "Mtaa mmoja, bomba moja la maji, halafu homa ichague mlango? Sitii sahihi."

"Mama, unatuchelewesha," akasema Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye yupo hapa na anakumbuka.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Kesho yake alinichukua tukafuatane na mhoji wetu. Kwa mgonjwa, mhoji aliuliza, "Umewahi kuugua homa ya matumbo?" Mgonjwa akajibu ndiyo. Tukavuka barabara kwa mwenzake mzima. "Shikamoo mzee. Unaumwa homa ya matumbo?"

"Marahaba. Kwani naonekana naumwa?"

"Hapana, mzee." Akaandika hapana.

Mama Jozi akanigeukia. "Mhariri, maswali hayo ni sawa?"

"La. La kwanza linauliza maisha yote. La pili linauliza leo asubuhi."

"Basi muulize vizuri."

Nikamuuliza mzee kama aliwahi kuugua. "Aa, zamani hizo! Nusura nife!"

Wazima wote waliulizwa upya, kwa sarufi. Jozi zisizokubaliana zikagawanyika karibu sawa kwa sawa, na homa ya matumbo ikaachiwa huru. Bodi haikuomba radhi, ilibadilisha ajenda.

Ndugu wageni, fundi viatu na dada yake wameketi safu ya tatu. Tangu niingie wanabishana ni nani akae karibu na feni. Mama Jozi, hiyo nayo ni jozi isiyokubaliana. Ihesabu, kisha ukapumzike.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, hata mliokuwa mnaangalia saa.